Mfumo Endeshi Mpya Ukichelewa: Namna ya Kulinda Fedha na Kazi Zako

Kampuni inapotangaza kwamba mfumo endeshi wake mpya, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, hautatoka kwa tarehe iliyoahidiwa, hasira ya mteja huwa na sababu: amekwisha kulipa, amekwisha kupanga bajeti ya mwaka, au ameahirisha kununua kompyuta kwa miezi kadhaa akingoja. Hata hivyo, hasira hiyo mara nyingi humwangukia mtu asiyehusika, tena kwa madai yasiyo na mahali pa kusimamia. Mwongozo huu unaeleza la kufanya tangu siku ucheleweshaji unapotangazwa hadi siku mfumo unapowekwa kwenye kompyuta yako. Mfano wake mkuu ni Windows Vista ya Microsoft, ambayo kwa maoni yangu inafundisha zaidi ya nyingine zote, kwa sababu iliwagusa kwa pamoja mashirika, wauzaji wa kompyuta na wanunuzi wa kawaida, kila kundi kwa namna yake.

Windows XP, mfumo wa Microsoft uliotangulia Vista, ilianza kuuzwa tarehe 25 Oktoba 2001. Toleo la kuifuata, ambalo watengenezaji waliliita Longhorn, lilikusudiwa kuwa dogo na kutoka karibu mwaka 2003, lakini liliendelea kurundikiwa mambo mapya, ukiwamo mfumo wa kuhifadhi mafaili ulioitwa WinFS. Wakati huohuo, wahandisi wengi waliondolewa kwenye kazi hiyo ili wazibe mianya ya usalama ya XP, hasa baada ya programu haribifu ya Blaster kuenea mwezi Agosti 2003. Mwezi Agosti 2004 kampuni ilitangaza kwamba WinFS imeondolewa, na utengenezaji ukaanzwa upya juu ya msingi wa Windows Server 2003, toleo la Windows la kompyuta za seva. Ilipofika tarehe 21 Machi 2006, wateja waliambiwa kwamba hata msimu wa Krismasi wa mwaka huo ungepita bila mfumo mpya madukani. Mashirika yaliupata, sasa ukiitwa Vista, tarehe 30 Novemba 2006, na umma tarehe 30 Januari 2007, zaidi ya miaka mitano baada ya XP.

Jua kwanza ulichouziwa

Watu wanne wanaweza kulalamikia ucheleweshaji uleule, watatu wakawa na haki zinazotofautiana na wa nne akawa hana haki yoyote. Kabla ya kupiga simu au kuandika barua, amua wewe ni yupi kati yao.

Wa kwanza ni yule aliyelipia matoleo yajayo kabla hayajatoka. Katika mpango wa Microsoft uitwao Software Assurance, ulioanzishwa mwaka 2001, shirika lililipa kila mwaka asilimia 29 ya bei ya leseni ya kompyuta ya mezani, na kwa malipo hayo likawa na haki ya kupokea toleo lolote jipya litakalotoka ndani ya muda wa mkataba. Piga hesabu ya mkataba wa miaka mitatu: ni asilimia 87, yaani karibu bei ya leseni nyingine nzima. Shirika lililotia saini katikati ya mwaka 2002 lilimaliza mkataba wake katikati ya mwaka 2005 bila toleo jipya la Windows la kompyuta za mezani kutoka, na wakuu wa idara za teknolojia walikuwa na kila sababu ya kuuliza fedha zao zilinunua nini. Jibu la kisheria liliwaumiza, kwa kuwa mkataba uliwapa haki ya kupokea kitakachotoka, lakini haukusema popote kwamba kitu kitatoka. Kifungu kinachoahidi kwamba toleo jipya litatoka ndicho unachopaswa kukitafuta katika mkataba wako. Usipokiona, omba muda uongezwe bila malipo au bei ipunguzwe, na uombe kabla ya siku ya kuhuisha mkataba, maana ukishatia saini upya muuzaji hana tena haja ya kukusikiliza. Malalamiko hayo hayakwenda bure kabisa: mwaka 2005 Microsoft iliongeza manufaa mengine kwenye mpango huo, na toleo la Vista Enterprise likatengwa kwa ajili ya wanachama wake.

Wa pili ni yule aliyenunua kompyuta yenye toleo la zamani huku akiahidiwa kuletewa jipya likitoka. Kwa kuwa Vista iliukosa msimu wa sikukuu, Microsoft na watengenezaji wa kompyuta waliweka utaratibu wa vocha kwa walionunua kompyuta zilizostahili kati ya tarehe 26 Oktoba 2006 na tarehe 15 Machi 2007, wapate Vista bure au kwa bei iliyopunguzwa, kutegemea toleo la XP walilokuwa nalo. Katika mpango wa aina hii kila kitu hutegemea tarehe iliyo kwenye risiti. Hifadhi risiti, piga picha ya lebo yenye namba ya utambulisho wa kompyuta, na utume maombi mapema.

Wa tatu ni yule aliyeamini kibandiko. Wakati watu wakingoja, kompyuta ziliuzwa zikiwa na kibandiko kilichosema kwamba zina uwezo wa kutumia Vista, ilhali nyingi kati yake ziliweza tu kuendesha toleo la msingi lisilo na mwonekano mpya uliokuwa ukitangazwa. Mwaka 2007 wanunuzi walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Seattle, na barua za ndani zilizotolewa mahakamani zilionyesha kwamba hata Mike Nash, mmoja wa wakuu wa Microsoft wenyewe, alilalamika kuwa ametumia dola 2,100 kununua kompyuta mpakato ambayo sasa inamfaa kwa baruapepe tu. Ukweli kwamba kiongozi wa kampuni naye alidanganyika na kibandiko cha kampuni yake ulipaswa kuwafariji wateja, lakini haukuwalipa: Februari 2008 jaji aliruhusu kesi iendeshwe kwa niaba ya wanunuzi wote kwa pamoja, na Februari 2009 akaiondoa ruhusa hiyo. Ukinunua kompyuta leo ili ingoje mfumo wa kesho, usiulize kama “inaweza kutumia” mfumo huo. Uliza ni toleo gani hasa, na mambo gani ya toleo hilo hayatafanya kazi, kisha muuzaji aandike jibu lake kwenye risiti.

Wa nne alisoma habari tu akaamini. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini katika biashara ya programu tarehe iliyotajwa jukwaani si deni mpaka iandikwe kwenye hati inayotaja jina lako. Huyu hana dai, ila ana uamuzi wa kufanya, nao unaelezwa hapa chini.

Andika dai linaloweza kujibiwa

Mwenye duka Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, hakupanga tarehe iliyokosewa Redmond, makao makuu ya Microsoft, na kumfokea hakutaiharakisha. Anawajibika kwa yale aliyoyasema yeye mwenyewe au kuyaandika wakati wa mauzo, na mtengenezaji anawajibika kwa yaliyo kwenye vocha, kibandiko na mkataba wake. Barua iwe fupi, itaje ushahidi, na iombe jambo moja au mawili yanayowezekana. Kwa mfano:

“Ndugu Meneja, tarehe iliyo kwenye risiti niliyoambatisha nilinunua kwenu kompyuta yenye namba ya utambulisho iliyotajwa humo. Wakati wa mauzo mliniandikia kwamba nitapewa mfumo endeshi mpya bila malipo kabla ya mwisho wa mwezi Juni. Mfumo huo umeahirishwa. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba haki yangu itabaki hadi siku utakapotoka, au mnirudishie sehemu ya bei inayolingana na gharama yake. Nitashukuru kupata jibu ndani ya siku 14.”

Sentensi ya kuthibitishiwa haki ndiyo yenye uzito, kwa sababu vocha nyingi zina tarehe ya mwisho iliyowekwa kabla ya ucheleweshaji kujulikana, na mteja anayekaa kimya anaweza kukuta mfumo umetoka ilhali vocha yake imekufa. Ikiwa ulidanganywa, na si kucheleweshewa tu, Tanzania ina Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Kote huko utaulizwa hati kwanza.

Lisome tangazo la kuchelewa kabla ya kuamua kungoja

Matangazo ya kuchelewa hayafanani. Tarehe 12 Aprili 2007 Apple ilieleza kwamba Mac OS X Leopard, mfumo endeshi wa kompyuta zake uliotarajiwa mwezi Juni, ingetoka Oktoba kwa kuwa wahandisi wake walihamishiwa kwenye iPhone. Sababu ilikuwa moja na ya kueleweka, mwezi ulitajwa, na mfumo ulitoka kweli tarehe 26 Oktoba. Ubuntu 6.06, toleo la mfumo endeshi wa bure lililopangwa kutoka Aprili 2006, ilisogezwa mbele kwa wiki sita baada ya Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, kulileta pendekezo hilo hadharani na kulijadili na watengenezaji na watumiaji, ikatoka tarehe 1 Juni kama ilivyosemwa. Tangazo la namna hiyo unaweza kulipangia kazi.

Longhorn ilionyesha dalili tofauti. Tarehe zilisogea zaidi ya mara moja, na kila iliposogea kuna kitu kilichopunguzwa au maelezo yaliyobadilika. Mambo yaliyoahidiwa yakianza kuondolewa, jiulize kama lile ulilokuwa ukilingoja bado limo ndani. Aliyeingoja Vista kwa ajili ya WinFS hakuwa na sababu ya kuendelea kuingoja baada ya Agosti 2004.

Na kuna mifumo isiyofika kamwe. Apple ilikuwa ikiutengeneza mfumo ulioitwa Copland, ikausogeza mbele, kisha mwaka 1996 ikauacha kabisa na mwishoni mwa mwaka huo ikakubaliana kuinunua kampuni ya NeXT ili ipate msingi mwingine. Mac OS X 10.0 ilitoka Machi 2001. Aliyekuwa ameahirisha kununua kompyuta tangu siku za Copland alikuwa amengoja miaka mingi kitu kilichozaliwa kwa jina na mwili mwingine.

Kanuni ninayoipendekeza ni kununua kwa ajili ya kazi iliyopo. Kompyuta ikihitajika mwezi huu, nunua inayofanya kazi ya mwezi huu kwa mfumo uliokwisha kutoka. Kama kazi inaweza kungoja, jiwekee tarehe yako mwenyewe ya mwisho, isiyotegemea ya mtengenezaji.

Kompyuta uliyonayo isitelekezwe

Wanaongoja huacha kuutunza mfumo wa zamani kwa kudhani kwamba unaondoka karibuni. Hili ni kosa la gharama kubwa kuliko kuchelewa kwenyewe. Programu haribifu ya WannaCry, iliyosambaa duniani tarehe 12 Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu ili wadaiwe fidia, ilipita kwenye mwanya ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka chake tarehe 14 Machi. Waliokuwa wameweka masasisho ya Windows 7 kwa wakati hawakuguswa kupitia mwanya huo.

Kwa hiyo weka masasisho yote ya usalama, tunza nakala rudufu kwenye diski ya nje isiyokaa imechomekwa kwenye kompyuta, na ujue tarehe ambayo mfumo wako wa zamani utaacha kuhudumiwa. Msaada wa XP ulidumu hadi tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo waliochelewa kuhamia Vista hawakupoteza usalama wao. Hali si hiyo kila mara: Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zinazouzwa kama mitumba zimekosa sifa za Windows 11, ikiwamo chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa mwenye kompyuta ya aina hiyo, kungoja toleo jingine hakumsaidii mpaka ajue kwanza kama kompyuta yake italipokea.

Mfumo ukifika

Baada ya kungoja sana, kishawishi cha kuuweka siku ileile ni kikubwa, na ndicho kipindi chenye hatari zaidi. Programu za kuendesha vifaa, ambazo mafundi huziita draiva, hutengenezwa na makampuni mengine, nazo huchelewa kwa ratiba yake. Takwimu za Microsoft zilizotolewa katika kesi ya kibandiko zilihusisha karibu asilimia 29 ya matukio ya Vista kuzimika ghafla na draiva za Nvidia, kampuni ya chipu za picha, pekee. Kifurushi cha kwanza cha marekebisho kiliwafikia watumiaji Machi 2008, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mfumo kuingia madukani. Hata sasisho la kawaida linaweza kuleta hasara: lile la Windows 10 la Oktoba 2018 lilisimamishwa siku chache baada ya kutolewa kwa sababu lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, likarudi tarehe 13 Novemba.

Ofisini, teua kompyuta moja isiyobeba kazi ya kila siku, uiwekee mfumo mpya, kisha ujaribu printa, skana, programu ya uhasibu na kila kitu kinachotumika siku ya mwisho wa mwezi, maana hapo ndipo matatizo hujitokeza. Nyumbani, subiri wiki kadhaa, ambazo pia zitakupa nafasi ya kupakua mafaili hayo makubwa kwa kifurushi cha intaneti cha bei nafuu. Uliza vilevile kama leseni mpya inakuruhusu kurudi kwenye toleo la nyuma. Wanunuzi wa Vista Business na Vista Ultimate waliruhusiwa kurudi XP Professional, na wengi waliitumia ruhusa hiyo. Kwa anayetoka Windows 10 kwenda Windows 11, mlango wa kurudi hukaa wazi kwa siku 10 kwa kawaida, kisha mafaili ya mfumo wa zamani hufutwa, kwa hiyo majaribio ya kila kifaa yamalizike ndani ya siku hizo.