Tanga mpaka Matema kwa gari: namna ya kuipanga safari ili muone kitu na usiku msitembee

Kwenye safari ndefu ya gari kitu cha kwanza kupanga sio mtapita wapi, ni mtalala wapi. Ukishajua hilo muda wa kuona vitu unajipanga wenyewe. Wengi wetu hapa Tanga tukisema tunaenda Mbeya tunapiga hesabu za basi, tutoke alfajiri tufike leo leo, sasa jamani hapo utakuwa umeona nini zaidi ya migongo ya malori?

Njia ninayoipendekeza ni Segera, Chalinze, Morogoro (Moro), Iringa, Uyole, alafu mnashuka Tukuyu mpaka Matema kule Ziwa Nyasa. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Igaweni siku tano, mlale Moro usiku mmoja, Iringa usiku miwili, Tukuyu mmoja, ya tano mko ziwani.

Hela ya mafuta msikisie. Kwenda na kurudi pamoja na michepuko wekeni kilomita 2,500, kama gari inakula lita moja kwa kilomita 10 hizo ni lita 250, zidisha na bei ya wakati huo. EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, wanatoa bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa hiyo kama mnaondoka mwanzoni mwa mwezi subirini itoke ndo mchangishane, isije ikaanza kelele njiani nani aongezee. Na tenki likifika nusu jazeni, msingoje taa iwake.

Gari ipelekwe kwa fundi wiki moja kabla, sio jana yake, maana akigusa kitu mnataka siku kadhaa za kuizungusha hapa mjini muone imekaaje. Breki, tairi pamoja na speya, mikanda, rejeta. Speya ipulizwe upepo, wengi wanaisahau mpaka siku ya pancha. Mtungi wa zimamoto, zile pembe tatu nyekundu, jeki, bima na leseni viwe karibu, trafiki watauliza tu. Kwenye vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupimia mwendo zipo, gari ya mbele ikikuwashia taa umeshaelewa.

Siku ya kwanza ni ya kukanyaga mafuta tu, kama kilomita 330 mpaka Moro. Muheza mtanunua machungwa hata kama hamkupanga, Segera mnakata kushoto (kulia ni Korogwe na Moshi), Wami mnavuka kwenye daraja jipya, Chalinze kulia. Kama mna hamu ya mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni basi yaoneni wikiendi nyingine, hayo ni ya nyumbani, mkianza nayo siku ya safari mtaingia Moro usiku.

Siku ya pili ndo yenyewe. Tokeni Moro saa kumi na mbili asubuhi muingie Mikumi kabla jua halijakali, maana barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi na wanyama mnawaona humo humo bila kulipa kiingilio: swala, twiga, nyani wamekaa pembeni, tembo mkibahatika. Humo endesheni taratibu, ukimgonga mnyama unalipa, na usishuke kwenye gari wala usiwarushie nyani maganda ya ndizi, wakishazoea ndo wanagongwa. Mkitoka hapo mnaingia bonde la mibuyu, mibuyu kila upande, kisha Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa barabarani. Msinunue sasa hivi! Nunueni mkirudi, la sivyo gari itanuka vitunguu mpaka Matema.

Baada ya hapo ni Kitonga. Mlima mkali, kona juu ya kona, na malori ya Zambia yanapanda taratibu sana yamefuatana. Simameni kwanza chini, injini ipoe kidogo, angalieni maji, alafu pandeni kwa gia ndogo na AC mzime. Likiwa lori mbele yako tulia nalo, usilipite kwenye kona hata dereva wake akikuonyesha ishara upite. Rejeta ikichemka simama sehemu pana ungoje, mfuniko usiuguse ikiwa ya moto.

Iringa msipite tu. Asubuhi nendeni Isimila, kama kilomita 20 kwa njia ya Mbeya, kuna korongo lenye nguzo za udongo zimesimama ndefu kuliko nyumba na zana za mawe za watu wa kale, ila mchana humo ndani ni joto kwa hiyo wahini. Jioni Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, akajiua 1898 wasimkamate, na fuvu likarudishwa 1954. Mkiwa na watoto waelezeni kabla ya kuingia, wasishtukie tu fuvu kwenye kioo.

Halafu baridi. Mtu wa Tanga anabeba kanzu na kanga, Juni mpaka Agosti Mafinga inamtetemesha saa sita mchana. Bebeni masweta, kila mtu lake. Machi mpaka Mei ni masika, na Rungwe, kule Tukuyu, mvua hazina mzaha, mi nisingeenda.

Uyole mnakata kushoto bila kuingia Mbeya mjini, mnalala Tukuyu, asubuhi mnaona Daraja la Mungu, mwamba wa asili uliovuka juu ya mto Kiwira, ndo mnateremka Kyela na Matema. Kule nunueni vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko ziwani, vifungeni na zile nguo chafu za safari na mviweke miguuni kwa abiria wa nyuma, sio kwenye buti na jeki.