Mjusi wa Chini ya Jiwe: Namna ya Kumtambua na Kumwacha Hai

Bustani yangu ya sukuma wiki iko Kajulu, nje ya mji wa Kisumu, ambapo ukichimba hatua tatu utakutana na jiwe. Miaka kadhaa iliyopita niliona kitu kirefu kikimetameta kwenye samadi, mtoto akapiga kelele, "Thuol!", yaani nyoka, nami nikakikata kwa jembe. Nilipokigeuza nikaona miguu minne. Iliniuma sana. Ndiyo maana kila mtoto wa boma letu nimemfundisha haya.

Mjusi huyu wataalamu humwita Mochlus sundevallii. Andrew Smith, daktari na mtaalamu wa wanyama wa Uskoti, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1849, na jina hilo ni la heshima kwa Sundevall, mtaalamu wa wanyama wa Uswidi. Ana rangi ya udongo, magamba laini kama yaliyopakwa mafuta, na mwili mnene usio na shingo ya kuonekana. Hula mchwa, viwavi na wadudu wengine. Sumu hana.

Ukitaka kuinua jiwe, usipitishe vidole chini yake. Shika ukingo wa mbali, uuvute upande wako, ili jiwe likukinge na chochote kilichomo. Kisha tulia. Mjusi huyu akishtuka hubana vijiguu vyake ubavuni, akajipindapinda mchangani kama nyoka, na hapo ndipo wengi hukimbilia panga. Mpe muda. Akisimama, miguu hutokea tena, mifupi mno, kila mmoja na vidole vitano. Tazama pia macho yake: mjusi huyu hufumba kope, nyoka hana kope.

Usipoiona miguu, rudi nyuma, umwache aende zake. Usimguse. Kuna nyoka wembamba weusi wanaoishi ardhini ambao hukuchoma kwa jino hata ukiwashika nyuma ya kichwa, na sumu yao si ya mchezo.

Ukiwa na hakika ni mjusi, usimvute mkia. Mkia ule mnene ndio ghala lake la mafuta. Hukatika upesi, na ingawa huota mwingine, huwa amepoteza akiba yake. Msogeze polepole kwa jani pana au kwa viganja viwili, kando ya jiwe. Halafu rudisha jiwe palepale, upande uleule wa chini, ndipo umwachie aingie mwenyewe. Usiweke jiwe juu yake! Nimeona watu wenye nia njema wakimponda hivyo, na huwa nasikitika kuliko nikiona aliyeuawa kwa hofu.

Ukikuta mayai madogo meupe yenye ganda laini, usiyageuze wala kuyahamisha. Yafunike kwa udongo uleule.

Mimi samadi naifungua kwa jembe la meno, taratibu, nikianzia pembeni. Sumu ya mchwa sinyunyizi karibu na bustani, maana mchwa ndio chakula chake. Na kule nyuma ya choo nimeacha rundo la mawe na gogo la mwembe linalooza. Hapo hapaguswi, hata wakati wa kupanda. Mvua za Aprili zikinyesha na kumbikumbi wakitoka, watoto huenda kuchungulia asubuhi, wamechuchumaa, mikono magotini.