Masafa Hayachagui Modulesheni: Kupanga Kiungo cha Redio Dodoma

Wateja ninaowafungia mitandao isiyo na waya hapa Dodoma huniuliza mara kwa mara kama kuhama kutoka gigahezi 2.4 kwenda 5.8 kutaongeza kasi. Mimi mwenyewe niliwahi kuamini hivyo, nikampandishia mteja redio mpya mlingotini upande wa Nala, na kasi ikabaki palepale, kwa sababu sikuwa nimepima nguvu ya mawimbi yanayopokelewa ikilinganishwa na kelele. Tangu siku hiyo hufuata hatua zifuatazo kabla kifaa chochote hakijanunuliwa.

Hatua ya 1: Tenganisha mambo matatu.

Masafa ni mahali mawimbi yanapokaa, upana wa chaneli huamua ni alama ngapi zitumwe kwa sekunde, na modulesheni, yaani namna data inavyopakiwa juu ya mawimbi, huamua kila alama (badiliko moja la wimbi) ibebe biti ngapi: BPSK hubeba 1, QPSK 2, 16-QAM 4, 64-QAM 6 na 256-QAM 8. Katika 802.11a, kiwango cha Wi-Fi kinachotumia bendi ya gigahezi 5, chaneli ya megahezi 20 ina mawimbi madogo 48 ya kubebea data, na alama moja huchukua mikrosekunde 4. Ukitumia 64-QAM na kutenga robo ya biti kwa ajili ya kusahihisha makosa, alama moja ya mawimbi yote 48 kwa pamoja hubeba biti 216 za data, sawa na megabiti 54 kwa sekunde. Kiwango cha 802.11g, kinachotumia gigahezi 2.4, hufikia megabiti 54 zilezile kwa hesabu ileile. Namba ya masafa haimo kabisa katika hesabu hiyo.

Hatua ya 2: Kokotoa upotevu wa njiani.

Ili kujua nguvu inayopotea hewani, chukua 92.45, ongeza 20 log (logi ya msingi wa 10) ya umbali kwa kilomita, kisha 20 log ya masafa kwa gigahezi. Kwa kilomita 5 utapata desibeli 121.7 katika 5.8 na 114.0 katika 2.4. Mafundi wengi huishia hapo na kusema masafa ya chini ni bora, na hilo ni kweli iwapo antena zina ongezeko sawa, yaani uwezo sawa wa kukusanya nguvu upande mmoja. Lakini dishi lenye ongezeko la desibeli 23 katika 5.8 hubaki na takriban 15 tu katika 2.4, hivyo faida ile humezwa na dishi lenyewe.

Angalia pia nafasi ya Fresnel, yaani eneo linalozunguka mstari kati ya antena mbili ambalo mawimbi hulihitaji ili yapite. Katikati ya kilomita 5, nusu kipenyo chake ni karibu mita 8 katika 5.8 na mita 12.5 katika 2.4, na walau asilimia 60 ya nusu kipenyo hicho iwe wazi. Mibuyu ya huku ni mirefu. Pima kwa macho yako, usitegemee ramani pekee.

Hatua ya 3: Linganisha na mahitaji ya modulesheni.

Tuseme nguvu inayotoka pamoja na antena ni dBm 36, yaani desibeli zinazopimwa kutoka miliwati 1 (thibitisha kwanza masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kwa bendi unayotumia). Ukiongeza dishi la desibeli 23 upande wa pili na kutoa 121.7, unapokea dBm −62.7. Kiwango cha 802.11a kinadai mpokeaji aweze kupokea megabiti 54 kwa −65, megabiti 24 za 16-QAM kwa −74, na megabiti 6 za BPSK kwa −82. Kwa hiyo 64-QAM ina akiba ya desibeli 2.3 tu, ambayo naiona ndogo mno, ilhali 16-QAM ina 11.3. Mimi ningepanga huduma ya mteja kwa 16-QAM, na 64-QAM ikipatikana iwe nyongeza.

Hatua ya 4: Chagua upana wa chaneli mwishoni.

Kupanua kutoka megahezi 20 hadi 40 huongeza kelele kwa desibeli 3, na akiba ile ya 2.3 huisha. Mjini, ambako bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana kwa upana wa megahezi 20, yaani 1, 6 na 11, sipanui kamwe.

Hatua ya 5: Pima jioni.

Baada ya kufunga, soma modulesheni inayoonyeshwa na redio saa mbili usiku, wakati majirani wote wako mtandaoni. Ikishuka kutoka 64-QAM hadi QPSK huku nguvu inayopokelewa haijabadilika, tatizo ni kelele: badilisha chaneli kwanza, kabla ya kugusa dishi.