Jinsi ya kuandika kilichomo ndani ya mzigo ili usikwame forodha

Watu wengi wakifika pale kwenye nafasi ya kuandika mzigo una nini wanaandika "zawadi" au "vitu binafsi" wanasonga mbele, halafu wiki zinapita mzigo bado uko forodha. Jamani zawadi ni sababu ya kutuma, sio kitu. Afisa hajafungua boksi, ana maneno yako tu na labda picha ya eksirei, na kwa maneno hayo hayo anaamua ushuru ni kiasi gani, kama kunatakiwa kibali, na kama hicho kitu kimekatazwa.

Mimi kabla ya kuandika najiuliza: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa malighafi gani, kazi yake nini, kipya au kimetumika, na viko vingapi. "Nguo" haitoshi. "Tisheti za wanaume, pamba 100%, mpya, pisi 5" hapo mtu anaiona nguo yenyewe. (Natumia Kiswahili hapa ili tuelewane, kwenye fomu andika kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha inayokubalika huko mzigo unakoenda.)

Hiyo ya malighafi watu wanaidharau sana na ndo inayobadilisha kila kitu. Kuna namba za HS za Shirika la Forodha Duniani, ndizo zinazopanga kila bidhaa kwa aina yake, tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazotumia mfumo huo, kila nchi inaongeza zake baada ya hizo. Sasa angalia kiatu cha kawaida chenye soli ya mpira, juu kikiwa ngozi namba yake inaanzia 6403, juu kitambaa 6404, juu plastiki 6402, na ushuru unaweza kutofautiana, kwa hiyo ukiandika "viatu" tu unamwachia afisa abahatishe kwa pesa yako. Nguo nazo hivyo hivyo, za kitambaa cha vitanzi kama sweta na tisheti ziko sura ya 61 (yaani namba inaanza na 61), za nyuzi zilizopishana kama jinzi ziko sura ya 62.

Namba ikiwepo iandike, ila isichukue nafasi ya maelezo, viende pamoja. Umoja wa Ulaya kupitia ICS2, mfumo wao wa kupokea taarifa za mzigo kabla haujafika, wanataka tarakimu hizo 6 kwa mizigo mingi ya biashara, na wana orodha kabisa ya maneno ya jumla jumla ambayo mfumo hauyapokei.

Neno lingine baya ni "spea". Niliwahi kuliandika hilo tu, mzigo ukashikiliwa mpaka nikatuma picha na invoisi upya, wakati ningeandika "pampu ya maji ya injini ya gari, ya alumini, imetumika, 1" ingekuwa imeisha. Jina la kampuni na modeli peke yake nalo halisaidii, anza na kitu chenyewe ndo uweke modeli.

Boksi likiwa na vitu tofauti kila kimoja kiwe na mstari wake, idadi, uzito na thamani yake. Thamani usiweke sifuri hata kama ni sampuli au zawadi, andika ambayo kitu kingeuzwa. Nchi ya asili ni kule kilikotengenezwa, sio unakotumia mzigo. Kwa posta kawaida fomu ya forodha ya CN22 ni ya thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), ikizidi unajaza fomu ya CN23.

Betri za lithiamu usizifiche hata siku moja, zinaweza kushika moto ndani ya ndege na humo kuna watu. Sema kama betri iko ndani ya kifaa au imefungwa pamoja nacho, ambayo kwa betri za lithiamu-ioni za kuchaji namba yake ya bidhaa hatari ni UN3481, au iko peke yake, UN3480, na muulize msafirishaji kwanza kama anaipokea.

Ukimaliza linganisha karatasi zote, invoisi ikisema pisi 10 na lebo ya mzigo ikasema 12 umeshajitafutia ukaguzi. Na wakikuandikia wanataka maelezo zaidi jibu siku hiyo hiyo na picha ya kitu pamoja na risiti ya malipo, maana mzigo ukikaa sana unaweza kutozwa gharama za kuhifadhiwa au kurudishwa ulikotoka.