Jinsi ya Kudai NHS Igharamie Matunzo ya Muda Mrefu ya Mzee Wako Nchini England

Familia nyingi nchini England huuza nyumba ya mzazi ili kulipia makao ya wazee, bila kuambiwa na yeyote kwamba lipo fungu la fedha za huduma ya afya ambalo huenda lingebeba gharama yote. Fungu hilo hutolewa na NHS, yaani huduma ya afya ya umma, na linaitwa NHS Continuing Healthcare; wafanyakazi wa afya hulifupisha kuwa CHC. Anayekubaliwa hulipiwa na NHS matunzo yote ambayo tathmini imeonyesha anayahitaji, awe anaishi kwake au kwenye makao, na akiwa kwenye makao malipo hujumuisha chumba na chakula. Haulizwi ana nyumba, akiba au pensheni kiasi gani. Hapo ndipo CHC inapotofautiana na msaada wa halmashauri, kwa kuwa halmashauri hupima mali, na mwenye mali inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida hutakiwa kujilipia mwenyewe.

Utaratibu ninaoueleza hapa ni wa England peke yake. Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, na Scotland iliachana na mfumo huu mwaka 2015. Mzee awe mtu mzima anayeishi nchini kwa ukaaji wa kawaida, na inasaidia sana akiwa tayari ameandikishwa kwa daktari wa familia, kwa sababu uandikishaji huo ndio unaoonyesha ni bodi ipi ya afya inayowajibika kwake.

Kinachopimwa ni mahitaji

Hakuna ugonjwa unaompa mtu haki ya CHC kwa jina lake, na hakuna unaomnyima. Mwenye dimenshia, kiharusi au ugonjwa wa Parkinson anaweza kukubaliwa au kukataliwa kulingana na namna ugonjwa huo unavyomfanya aishi kila siku. Swali la kisheria ni kama hitaji lake kuu ni la kiafya. Msingi huo uliimarishwa mwaka 1999, Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Pamela Coughlan, mwanamke aliyepooza kutokana na ajali ya barabarani: mahakama iliona kwamba matunzo yake yalizidi yale ambayo halmashauri inaweza kutarajiwa kuyatoa kisheria, na hivyo yalikuwa jukumu la NHS.

Ili kulijibu swali hilo, wataalamu hutazama mambo manne: aina ya mahitaji, uzito wake, utata wake, na kutotabirika kwake. Yakariri manne hayo, kwa maana kila hoja utakayoitoa mbele ya watathmini lazima iangukie kwenye mojawapo.

Kuanza kudai

Mwombe mtaalamu anayemhudumia mzee, kama vile daktari wa familia, muuguzi, au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ashughulikie fomu ya mchujo iitwayo Checklist. Omba kwa maandishi. Barua fupi yatosha: jina la mzee na tarehe yake ya kuzaliwa, anakoishi, maradhi aliyonayo, na sentensi moja inayosema wazi kwamba unaomba afanyiwe Checklist ya NHS Continuing Healthcare. Ukiambiwa kwamba mama hawezi kupimwa kwa sababu ana akiba, au kwa sababu anaishi nyumbani na anatunzwa na wanawe, jua kwamba hizo si sababu halali. Pelekeni ombi moja kwa moja kwa bodi ya afya ya eneo, iitwayo Integrated Care Board au ICB, ambayo ndiyo inayoamua na kulipa.

Checklist ina maeneo 11, na kila eneo hupewa herufi A, B au C, A ikiwa nzito kuliko zote. Mzee huvuka kwenda kwenye tathmini kamili akipata A mbili au zaidi, au B tano au zaidi, au A moja pamoja na B nne. Pia huvuka kwa A moja peke yake kama imeangukia kwenye tabia, kupumua, dawa au mabadiliko ya fahamu. Kizingiti hiki kimewekwa chini kwa makusudi, kwa hiyo kukivuka si ushindi, ila kukikosa kwa sababu fomu ilijazwa harakaharaka ni hasara isiyo na lazima. Omba uwepo inapojazwa, na omba nakala yake. Kama hukuridhika, iandikie ICB ukiitaka iangalie upya.

Mzee akiwa hospitalini, mwongozo wa kitaifa unapendelea tathmini ifanyike baada ya kuruhusiwa kutoka, hali yake ikishatulia. Hilo ni jambo la busara, lakini ndicho kipindi ambacho familia nyingi hujikuta zimetia saini mkataba wa makao bila kujua. Kabla mzee hajaondoka wodini, uliza kwa barua au baruapepe ni nani atakayelipia matunzo mpaka tathmini ikamilike, na usitie saini karatasi yoyote ya malipo kabla ya kupata jibu.

Mzee mwenye uwezo wa kuamua ndiye anayetoa ridhaa ya kupimwa na ya taarifa zake kushirikishwa kwa jamaa. Akiwa hana uwezo huo, uamuzi hufanywa kwa masilahi yake chini ya Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005. Hati ya uwakili inayohusu afya na ustawi huipa sauti yako nguvu ya kisheria, na hati inayohusu mali pekee haitoshi kwa maamuzi ya matibabu. Hata hivyo, kukosa hati hakuwaondolei jamaa wa karibu nafasi ya kusikilizwa, na ukielezwa vinginevyo, omba waoneshe kanuni wanayoitegemea.

Daftari la matunzo

Sisi tumelelewa kumsitiri mzee. Mgeni akiingia na kuuliza hali, jibu linatoka lenyewe: hajambo, tunamshukuru Mungu. Sebuleni jibu hilo ni adabu, lakini mbele ya mtathmini huandikwa kama ushahidi. Mzee mwenyewe naye hujikaza siku hiyo. Anavaa vizuri, anaketi wima, anasema haumwi popote. Kama baba humpiga anayembadilisha nguo, kama mama hujichafua na kupaka ukutani, ni lazima lisemwe hivyo hivyo lilivyo, kwa kuwa hitaji ambalo halikutajwa halipimwi. Ikiwa inakuwia vigumu kuyatamka mambo hayo mbele yake, omba muda wa kuzungumza na watathmini faragha. Mzee akiwa hazungumzi Kiingereza cha kutosha, ombeni mkalimani mapema. NHS humtoa bila malipo, na si haki kumfanya mtoto atafsiri habari za haja za mzazi wake.

Anza daftari hata kabla Checklist haijajazwa. Andika yanayotokea usiku na mchana kwa muda wa kutosha kuonyesha siku njema na siku mbaya. Usiandike "Mama hakula vizuri." Andika namna hii:

"13:10. Alilishwa uji uliotiwa unga wa kuufanya mzito. Vijiko sita kwa dakika 40. Alipaliwa mara mbili, uso ukabadilika rangi, tukasimamisha na kumwinua. Kazi ya watu wawili. 14:00, dawa ya maumivu aliitema. Alikubali 14:35, baada ya kubembelezwa."

Mistari hiyo michache imegusa lishe, kupumua na dawa, na zaidi ya hapo imeonyesha jinsi hitaji moja linavyolitatiza jingine: asiyemeza vizuri hakosi chakula tu, hukosa pia dawa inayotuliza maumivu, na maumivu nayo humfanya akatae kuguswa. Utata ambao wataalamu wanautafuta ndio huo. Tumia saa za mfumo wa 24, maana aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili akiandika "saa mbili usiku", msomaji wa Kiingereza ataelewa saa sita baadaye kuliko tukio lenyewe.

Sambamba na daftari, omba kumbukumbu za makao, za daktari na za hospitali. Zisome kwa makini na uorodheshe mahali zinapopingana na unayoyaona.

Kikao cha tathmini kamili

Tathmini kamili hufanywa na timu yenye wataalamu wawili au zaidi, ama wa fani tofauti za afya, ama wa afya pamoja na wa ustawi wa jamii. Fomu yao inaitwa Decision Support Tool na ina maeneo 12: kupumua, lishe, haja ndogo na kubwa, ngozi, mwendo, mawasiliano, hali ya kisaikolojia na hisia, utambuzi, tabia, dawa, mabadiliko ya fahamu, na la mwisho la mahitaji mengine mazito. Kila eneo hupewa kiwango, kuanzia kutokuwa na hitaji hadi hitaji kubwa au, katika baadhi ya maeneo, hitaji kali, na katika maeneo manne tu kipo kiwango cha juu zaidi kiitwacho kipaumbele. Kipaumbele kimoja, au viwango viwili vya hitaji kali, kwa kawaida humaanisha mzee anastahili. Wengi wanaokataliwa huambiwa tu kwamba hawakufikia hesabu hiyo, na hapo ndipo pa kusimama imara, kwa sababu mwongozo unaitaka timu itazame picha nzima: mahitaji kadhaa makubwa na ya wastani yanayoingiliana yanaweza nayo kuonyesha kwamba hitaji kuu ni la kiafya.

Nenda ukiwa umeisoma fomu hiyo, inayopatikana bure kwenye tovuti ya serikali, na ukiwa umeandika kiwango unachokiona sahihi katika kila eneo pamoja na tarehe za daftari zinazokithibitisha. Usiende peke yako ikiwezekana; mmoja azungumze, mwingine aandike.

Kanuni moja naiona ina thamani kuliko nyingine zote: hitaji linalodhibitiwa vizuri bado ni hitaji. Chukua mzee ambaye kumbukumbu za makao zinasema hajampiga mtu kwa muda mrefu. Ukiuliza, utakuta wahudumu wanaomfahamu humkaribia kutoka mbele, humwogesha wakiwa wawili, huahirisha anapokunja uso, na humpa dawa kwa ratiba iliyopangwa na daktari. Utulivu huo umetengenezwa kwa ujuzi na uangalizi, na tabia yake lazima ipimwe pamoja na kila kinachofanywa kuizuia isilipuke. Vivyo hivyo ngozi isiyo na vidonda kwa sababu mzee hugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache. Mtathmini akisema "hakuna tatizo hapa", uliza kwa upole: nini kingetokea kama matunzo haya yangesimamishwa kwa wiki moja?

ICB inapaswa kufuata pendekezo la timu isipokuwa katika hali za kipekee, na kwa kawaida uamuzi hutakiwa kutoka ndani ya siku 28 tangu ilipopokea Checklist. Mzee ambaye hali yake inazorota kwa kasi na huenda anakaribia mwisho wa maisha hapaswi kupitishwa njia hii ndefu. Daktari au muuguzi anayemhudumia anaweza kujaza fomu ya Fast Track, ambayo ICB hutakiwa kuikubali mara moja ili huduma ianze, ikiwezekana ndani ya saa 48. Usisite kuiomba.

Baada ya uamuzi

Akikubaliwa, matunzo hupitiwa baada ya miezi mitatu, kisha angalau mara moja kila mwaka. Lengo la mapitio ni kuona kama mpango wa matunzo bado unafaa, kwa hiyo endeleza daftari hata hali ikiwa shwari. Anayetunzwa nyumbani ana haki ya kuwa na bajeti binafsi ya afya, inayoipa familia usemi katika kuchagua wahudumu. Attendance Allowance, posho ya serikali kwa wazee wanaohitaji kusaidiwa, husimama baada ya siku 28 kwa anayelipiwa na NHS kwenye makao, na kwa anayeishi kwake huendelea. Makao hayaruhusiwi kudai familia iongezee fedha kwa matunzo ambayo NHS imeyakubali kuwa hitaji.

Akikataliwa lakini anaishi kwenye makao yenye wauguzi, uliza kuhusu mchango wa uuguzi ambao NHS huyalipa makao moja kwa moja. Katika mwaka wa fedha wa 2025/2026 kiwango cha kawaida kilikuwa pauni 254.06 kwa wiki. Kisha soma barua ya kukataa sentensi kwa sentensi. Mna miezi sita tangu tarehe ya uamuzi kuitaka ICB iupitie upya. Mkishindwa hapo, mna miezi sita mingine kuiomba NHS England iitishe jopo huru, na baada ya jopo hubaki Mchunguzi wa malalamiko ya Bunge na Huduma za Afya. Rufaa nzuri haisemi kwamba uamuzi ni wa kikatili, hata kama unaumiza. Huonyesha eneo, kiwango kilichotolewa, ushahidi uliopuuzwa na ukurasa ulipo. Shirika la Beacon hutoa ushauri wa awali bila malipo, na ningeanzia huko kabla ya kuilipa kampuni yoyote inayotaka asilimia ya fedha zitakazorudishwa.

Madai ya nyuma nayo yanawezekana, hata kama mzee ameshafariki. Iwapo alijilipia matunzo kwa kipindi cha baada ya tarehe 1 Aprili 2012 bila kupimwa kamwe, msimamizi wa mirathi anaweza kuiomba ICB ikipitie kipindi hicho. Ambatisha uthibitisho wa mamlaka ya kusimamia mirathi, risiti za makao, na tarehe za kuanza na kuisha kwa kipindi kinachodaiwa. Yaandikie makao na hospitali mapema mkiomba kumbukumbu zisiharibiwe, kwa kuwa uamuzi utategemea yaliyoandikwa wakati ule.