Pikipiki imekuzimia njiani na bado mgeni? Anza na hili, imezimaje

Chalii yangu, dada yangu, wewe uliyeanza kuendesha juzi juzi, pikipiki ikizima usiishambulie kwa kiki. Itoe kwanza barabarani, hasa kama uko ile lami ya Arusha kwenda Usa River maana maroli na noah pale hazina huruma, alafu ukishatulia pembeni jiulize, imezimaje? Hapo ndo unajua pa kuanzia.

Kama imezima wakati unaondoka, labda unapandisha Ilboru au unatoka kwenye kituo, hapo mara nyingi pikipiki haina shida, ni klachi umeiachia haraka au uko gia kubwa. Rudisha fri, taa ya kijani iwake, washa, ingia namba moja, ongeza resi kidogo na klachi iachie taratibu mpaka uisikie inaanza kuvuta. Na angalia stendi ya pembeni, kuna pikipiki zina swichi pale, ukiingiza gia stendi ikiwa chini inazima palepale.

Kama imezima ghafla, pap, bila kukohoa, hapo fikiria umeme. Swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani, kama yako inayo, watu wanaigusa na glovu bila kujua alafu wanapiga kiki mpaka jasho linawatoka. Ikiwa sawa angalia fyuzi, alafu kofia ya plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, imekaa vizuri? Msimu wa mvua, Machi mpaka Mei, maji yanaingia pale, itoe uifute na kitambaa kikavu. Bado? Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini lakini mbali na lile tundu ulipoitoa maana mvuke wa petroli unatoka pale na unaweza kulipuka, shika kofia ya mpira tu usiguse chuma, alafu piga kiki. Cheche ya bluu inayoonekana vizuri maana yake umeme unafika. Hakuna kitu au ni nyekundu dhaifu, jaribu plagi nyingine. Plagi ya akiba na spana yake tembea navyo chini ya siti, nasisitiza hili, hazina bei na zinakutoa sehemu nyingi.

Kama imekohoa kohoa, ikapoteza nguvu ndo ikazima, hayo ni mafuta. Fungua tenki utikise usikie, geji zinadanganya. Koki, ile ya kufungulia petroli chini ya tenki, ipeleke rizevu (akiba), subiri kidogo kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ijae ndo uwashe, na ukifika sheli ukajaza irudishe on, ukisahau siku nyingine huna akiba. Ukifungua mfuniko ukasikia fyuuu na pikipiki ikawaka, kile kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba na vumbi, kisafishe.

Asubuhi za Juni na Julai baridi ya huku unaijua, pikipiki ya kabureta inataka choki, ile ya kuzidisha petroli injini ikiwa baridi, vuta choki, washa bila kuvuta resi, ikichangamka irudishe. Ukiiacha choki njiani plagi inalowa petroli. Ukisikia harufu kali ya petroli baada ya kupiga kiki sana, ndo imelowa hiyo, funga choki, fungua resi yote, piga kiki kadhaa mfululizo, ikishika tu rudisha resi haraka. Ikigoma toa plagi uikaushe.

Pikipiki za injekta, zile zinazopuliza petroli kwa umeme bila kabureta, hazina hayo mambo ya choki, fungua swichi usikilize pampu kwenye tenki inavuma kidogo, kama kimya angalia fyuzi na betri.

Ila kiki ikiwa imekaza kabisa haishuki, au injini ilikuwa inagonga na kunuka kuungua kabla haijazima, usiisukume kuiwasha kwa gia. Iache ipoe, angalia oili, na hata kama utaiongeza usiiwashe, tafuta wa kukusaidia muisukume ikiwa fri mpaka kwa fundi.