Leseni haiombi shukrani: jinsi ya kumtaja mwenye kazi inavyotakiwa

Wengi tukichukua msimbo wa mtu (maandishi ya programu yake) huandika "shukrani kwa fulani" mwishoni, tukadhani deni limekwisha. Leseni, yaani masharti ambayo mwenye kazi anaruhusu itumike, haina haja na shukrani zako. Inataka maneno fulani yakae mahali fulani, na kila leseni ina yake. Mimi hufuata utaratibu huu kabla ya kutoa toleo.

1. Orodhesha ulivyochukua

Maktaba (msimbo uliotayarishwa ili wengine wautumie katika programu zao), fonti, aikoni, hata aya ulizonakili kwenye mwongozo wa mtu. Soma faili la LICENSE la toleo lilelile unalotumia, kwa sababu miradi hubadili leseni.

2. Nakili tangazo lilivyo

Sharti la MIT, leseni fupi ya programu huria, ni moja: tangazo la hakimiliki na maandishi ya ruhusa viandamane na kila nakala. Kuweka kiungo tu hakutoshi. BSD, leseni nyingine ya aina hiyo, inaongeza kwamba ukisambaza programu iliyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kuwa lugha ya mashine), maneno hayo yawemo kwenye nyaraka zake au vitu vinavyoandamana nayo. Kwenye programu ya simu, mimi huyaweka chini ya "Kuhusu". Usiyatafsiri, usiguse mwaka. Jina lako liandike kwenye mstari wake peke yake.

Hapa ndipo niliponaswa. Maktaba moja ya JavaScript, yenye leseni ya MIT, ilikuwa na tangazo juu kabisa ya faili. Zana ya kubana msimbo ikafuta komenti zote (maelezo ambayo kompyuta huyaruka), na tangazo likaenda nazo. Mwenye maktaba akaniandikia, kwa upole nisioustahili. Dawa yake: komenti ikianza na `/*!` badala ya `/*`, au ikiwa na `@license`, zana nyingi huiacha. Ila usiamini tu. Fungua faili lililobanwa utafute neno "Copyright".

3. Sema ulichobadilisha

Apache 2.0, nayo leseni ya programu huria, inataka kila faili ulilogusa liseme kwamba limebadilishwa. Mradi ukiwa na faili la NOTICE, maelezo yake ya umiliki nayo yasafiri. GPL toleo la 2, leseni nyingine ya programu huria, ya 1991, inataka na tarehe ya mabadiliko.

4. Nyaraka zina masharti yake

Kwa CC BY 4.0, leseni ya Creative Commons inayotaka mwenye kazi atajwe, mstari kama huu unatosha:

> Sura hii imetokana na "Mwongozo wa Usakinishaji" (kiungo), © Waandishi wa Mradi, CC BY 4.0 (kiungo). Nimeifupisha na kubadili mifano.

Jina la kazi lilikuwa lazima katika toleo la 3.0, katika 4.0 si lazima, ila mimi huliacha, maana humsaidia msomaji kutafuta.

GFDL, leseni ya nyaraka ya mradi wa GNU, ni nzito zaidi. Ukibadilisha waraka, ukurasa wa jina utaje walau waandishi wakuu watano wa asili (wote, kama hawafiki watano), sehemu ya Historia iongezewe toleo lako, na leseni nzima iambatanishwe. Kwa waraka wa kurasa mbili, leseni huzidi waraka wenyewe! Wikipedia, iliyokuwa ikitumia GFDL, iliingia CC BY-SA (leseni nyingine ya Creative Commons) mwaka 2009.

5. Ukikosea, rekebisha upesi

Chini ya CC 4.0, haki ulizopoteza kwa kukiuka masharti hurudi zenyewe ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa. MIT haina muhula wa namna hiyo, ndiyo maana toleo langu jipya lilitoka usiku uleule.